Barua ya Wazi kwa Wakabidhi na Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili Kuhusu Makala za Wachoraji

Waheshimiwa wakabidhi, wahariri na wachangiaji wote wa Wikipedia ya Kiswahili,

Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ni kamusi elezo huru inayoweza kuhaririwa na yeyote mwenye intaneti, imejengwa tangu mwaka 2003 na watu wa kujitolea wasiopokea mshahara wala posho, na mwanafunzi wa Nyamagana au Ukerewe, mkoani Mwanza, anayepewa kazi ya nyumbani kuhusu mtu mashuhuri wa nchi hii mara nyingi huanzia hapo, tena kwenye simu ya kuazima. Kwa hiyo shukrani zinatangulia. Malalamiko yanafuata kwa sababu chombo kinachotegemewa kiasi hicho hakiwezi kuachwa kiendelee kuwaandika wachoraji wa Tanzania jinsi kinavyowaandika wabunge na wachezaji wa mpira: jina, mwaka wa kuzaliwa, wilaya, tuzo, mwaka wa kufariki, kisha ile alama ya "mbegu", yaani tangazo kwamba makala ni fupi na inasubiri mtu wa kuikuza. Msomaji hufika mwisho akijua mchoraji alizaliwa wapi, asijue alichora nini wala kwa rangi gani.

Barua hii haijidai kusimama katikati. Inasimama upande wa wachoraji, na hasa wale wa kanda ya ziwa, ambao hata hiyo mbegu wengi wao hawana, na hoja zake ni hizi.

1. Makala ya mchoraji haina budi kuanzia kwenye kazi zake, kwa kuwa pasipo kazi hizo hakuna sababu ya kuandikwa kwake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam, akafanya vibarua vya kila namna, akachora kwa miaka michache tu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na akauawa kwa risasi za polisi mwaka 1972 baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu. Kifo hicho kinasisimua, na ndiyo maana waandishi hukimbilia kukisimulia. Lakini watu hawakununua kazi zake kwa sababu ya kifo chake. Alichukua vipande vya silingibodi, vile vinavyotumika kutengenezea dari, mara nyingi vya mraba, akavipaka rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile inayopakwa kwenye baiskeli, kwa sababu ilipatikana dukani na bei yake ilikuwa ndogo. Usuli wake ulikuwa wa rangi moja au mbili zisizo na kina, na juu yake akamweka mnyama mmoja au wawili wanaojaza ubao karibu wote, kisha ngozi ya mnyama ikajazwa madoadoa na mistari kwa mpangilio wa kujirudia. Rangi ya aina hiyo haichanganyiki kwa ulaini kama rangi za wasanii wa Ulaya, kwa hiyo ukali wa mipaka kati ya rangi na rangi, ambao leo unaitwa mtindo, ulitokana kwa sehemu na kopo lenyewe. Maelezo ya namna hii yakikosekana, mtu na mtindo huchanganywa, na msomaji huondoka akidhani kwamba kila twiga mwenye shingo ndefu anayeuzwa kwa watalii ni mkono wa Tingatinga, ilhali michoro mingi ya jina hilo imechorwa na ndugu zake, wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, ambao nao wana majina na mikono inayotofautiana.

Sam Ntiro naye ameponzwa na vyeo vyake. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akavuka kwenda Makerere, ng'ambo ya Ziwa Victoria, akasoma katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, akaendelea na masomo katika chuo cha Slade mjini London, akarudi kufundisha, na baada ya uhuru wa 1961 akaiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza kama balozi. Wasifu wa namna hiyo ni rahisi kuuandika, kwa maana kila hatua ina tarehe na ofisi. Kinachohitaji kazi ni kueleza kwamba mchoraji huyu, ambaye maisha yake mengi yalipita katika vyuo na ofisi, alichora karibu kila mara kijiji cha mlimani kikiwa kazini, watu wengi wadogo wadogo wakilima, wakivuna, wakijenga na wakipika pombe kwa pamoja, bila mmoja wao kupewa ukubwa kuliko mwenzake. Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yanao mchoro wake wa mwaka 1956 unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Mhariri akiutaja mchoro huo kwa jina la makumbusho peke yake, ametaja mnunuzi. Akieleza safari ile ya usiku ilivyopangwa juu ya turubai na uhusiano wake na desturi ya harusi ya Wachaga, hapo amemwandika Ntiro.

Ombi katika hoja hii ni kwamba kila makala ya mchoraji iwe na sehemu ya lazima inayoeleza kazi zake, yaani vifaa alivyotumia, mada alizozirudia, namna alivyopanga mchoro, na angalau kazi moja iliyochambuliwa kwa kina, na kwamba makala isiyo na sehemu hiyo isihesabiwe kuwa imekamilika hata kama tarehe zake zote zimetimia.

2. Kanuni ya vyanzo inatumiwa kwa namna inayowaumiza wasiohusika na kosa lolote. Kanuni yenyewe, inayodai kwamba kila maelezo yathibitishwe na chanzo kilichochapishwa, cha kuaminika na kisichofungamana na mhusika, ni ya haki, na katika sanaa ni ngao, kwa sababu soko la michoro limejaa kazi za kughushi zenye saini za marehemu na hadithi za kutungwa za kuzipandishia bei. Tatizo limo katika mazoea ya kudhani kwamba chanzo maana yake ni kiungo cha kubofya. Kanuni haijawahi kudai kwamba chanzo kiwe kwenye intaneti. Kitabu, gazeti la karatasi, katalogi ya maonyesho na tasnifu iliyohifadhiwa chuoni vyote vinakubalika, mradi vitajwe kwa ukamilifu ili mwingine aweze kuvitafuta. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Kiongozi yaliandika habari za sanaa na maonyesho kwa Kiswahili miaka ambayo hakuna aliyewaza tovuti, na nakala zake zimo katika maktaba. Mwanza yenyewe ina maktaba ya mkoa, ina hifadhi ya nyaraka ya kanda ya ziwa, na ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, kilichokua kutokana na chuo cha Nyegezi na kinachojulikana kwa kufundisha uandishi wa habari. Mhariri anayeondoa aya iliyonukuu gazeti la mwaka 1974 kwa sababu tu hakuweza kulifungua kwenye skrini yake amemnyima msomaji ushahidi, ingawa huenda ameamini kwamba analinda ubora.

Matokeo ya mazoea hayo yanaonekana mtu akiangalia nani anayeweza kunukuliwa kirahisi. Waliochapisha kwa wingi kuhusu michoro ya Tanzania na kuweka maandishi yao mahali panapofikika ni wakusanyaji, wenye maduka ya sanaa na watafiti wa Ulaya na Marekani, baadhi yao makini sana, wengine wakiwa na mali ya kuuza. Makala inayotegemea hao peke yao hujikuta ikimweleza mchoraji wa Kitanzania kwa macho ya aliyemnunua. Hata mwaka wa kuzaliwa wa Tingatinga, ambao maandishi mengi huutaja kuwa 1932 lakini mengine hutaja tofauti, huamuliwa kimyakimya na mhariri mmoja anayefuta tarehe ya mwenzake, badala ya makala kusema waziwazi kwamba vyanzo havikubaliani na kuonyesha kila kimoja kinasema nini.

Kuhusu ushahidi wa mdomo, historia haipaswi kusahauliwa. Mwaka 2011 ulifanyika mradi nchini India na Afrika Kusini, ukifadhiliwa na Wakfu wa Wikimedia, unaoendesha Wikipedia, wa kurekodi mahojiano na kuyatumia kama vyanzo vya makala kwa lugha ambazo vitabu vyake ni vichache. Mradi huo ulizua mjadala mkali na haukugeuka kuwa kanuni ya jumla. Barua hii haiombi kwamba maneno ya kijiweni yageuzwe rejeo. Inaomba kitu kidogo zaidi, yaani kwamba mahojiano na mchoraji mzee, yaliyofanywa kwa utaratibu, yakarekodiwa, yakapewa tarehe na kuwekwa katika maktaba au makumbusho ambako yeyote anaweza kuyasikiliza, yakubaliwe kuthibitisha mambo ambayo mchoraji huyo ndiye shahidi wake wa kwanza: alijifunza kwa nani, alianza kutumia rangi gani, na kwa nini aliacha mada fulani. Mkono ukishazikwa, hakuna jarida la ng'ambo litakalojaza pengo hilo.

3. Kiolezo cha wasifu hakiwezi kubeba uchoraji wote wa kanda ya ziwa, na kwa sababu hakiwezi kuubeba, uchoraji huo unachukuliwa kana kwamba haukuwapo. Miongoni mwa Wasukuma kulikuwa na chama cha bayeye, yaani wacheza nyoka na waganga wa sumu ya nyoka, ambao walichora kwenye kuta za ndani za nyumba walimokutania picha za nyoka, watu na viumbe wa masimulizi yao, na picha hizo zilitumika kuwafundisha wanachama wapya. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizinakili na kuzichapisha katika kitabu mwaka 1953, na hati zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuta zilikuwa za udongo, na udongo hauna maisha marefu. Kilichosalia ni kitabu cha bei kubwa kilichochapishwa London, pamoja na kumbukumbu inayohifadhiwa mahali kama Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Kisesa kwenye barabara ya Musoma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambako hadi leo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza wakati wa sikukuu ya Bulabo, na nyoka nao hutolewa uwanjani.

Ensaiklopidia inayomtafuta mchoraji mwenye jina, tuzo na maonyesho haitamwona mchoraji wa bayeye hata ikipita mlangoni kwake. Wala haitamwona yule anayechora mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, ambako dagaa na sangara hupakuliwa, na ambako ubavu wa mtumbwi hubeba namba ya usajili iliyoandikwa kwa brashi, na kando yake jina la chombo lililochorwa kwa mkono huo huo, herufi zikiwekewa kivuli ili zisomeke kutoka mbali. Si haki kudai kwamba kila fundi wa mabango apewe makala yake, kwani kanuni ya umaarufu, inayotaka mhusika awe ameandikwa vya kutosha na watu wengine, ina sababu zake. Lakini makala moja kuhusu michoro ya kuta ya bayeye, na nyingine kuhusu uchoraji wa mitumbwi na mabango katika Ziwa Victoria, zinaweza kuandikwa kwa vyanzo vilivyopo, zikaeleza kazi bila kulazimisha wasifu. Ombi ni kwamba makala za aina hiyo ziwekwe katika jamii moja na makala za wachoraji, yaani katika kundi lile lile ambalo msomaji hulifungua chini ya ukurasa, badala ya kutupwa kwenye mila na desturi kama vile mchoro wa ukutani ukiwa wa Msukuma si mchoro.

4. Suala la picha limekuwa fumbo kwa wachoraji, na wanaoumia ni wao. Makala ya mchoraji isiyo na mchoro wake hata mmoja ni kama Bulabo inayosimuliwa redioni bila ngoma kusikika, lakini kisheria jambo lenyewe si jepesi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mchoraji kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, kwa sheria ya Tanzania ulinzi wa kazi za Tingatinga ulikoma mwishoni mwa mwaka 2022, kazi za Ntiro, aliyefariki 1993, zitalindwa hadi mwisho wa 2043, na za George Lilanga, mchoraji mwingine wa Tanzania, aliyefariki 2005, hadi mwisho wa 2055. Kwa kuwa Wikipedia inaendeshwa na wakfu ulioko Marekani, sheria ya Marekani nayo huhesabiwa, na hapo ndipo picha inayoonekana huru Dar es Salaam inaweza kuondolewa na mtu aliyeko bara jingine.

Kwa mchoraji aliye hai njia ya kawaida ni kutoa leseni huria, yaani ruhusa ya maandishi kwamba picha ya kazi yake itumiwe na yeyote kwa sharti la kumtaja. Jambo ambalo mchoraji wa Mwanza hana budi kuambiwa kabla hajakubali, na ambalo halisemwi kwa sauti, ni kwamba ruhusa hiyo inahusu pia matumizi ya biashara, kwa hiyo mwenye kiwanda cha kalenda, fulana au vitambaa anaweza kuichukua picha hiyo bila kumlipa senti. Kumwomba mtu anayekula kwa brashi yake asaini karatasi ya namna hiyo bila kumweleza ni kumdhulumu, hata kama anayeomba ni mtu mwema anayefanya kazi ya bure. Tangu mwaka 2007 Wakfu wa Wikimedia unaruhusu kila Wikipedia kujiwekea kanuni finyu ya kutumia picha zenye hakimiliki pale ambapo hakuna mbadala, kwa mfano picha moja ya ubora mdogo kwa ajili ya uchambuzi wa mchoro wenyewe. Wakabidhi wanaombwa waeleze, kwa Kiswahili chepesi na mahali panapoonekana, msimamo wa Wikipedia ya Kiswahili kuhusu ruhusa hiyo, na waandae maelezo ya ukurasa mmoja yatakayomwonyesha mchoraji anachokitoa, anachobaki nacho, na jinsi anavyoweza kutoa picha ya kazi moja tu, ndogo, huku nyingine zote zikibaki chini ya ulinzi wake. Ushauri wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania ungefaa kutafutwa katika kuyaandika.

5. Adabu ya kufuta. Mkabidhi amepewa uwezo ambao mhariri wa kawaida hana, yaani kufuta ukurasa, kuufunga na kumzuia mtumiaji, na uwezo huo unahitajika kwa sababu waharibifu wapo. Hata hivyo, makala ya mchoraji iliyoandikwa na mwanawe au na mchoraji mwenyewe, ikiwa imejaa sifa, mara nyingi inastahili kupogolewa kuliko kung'olewa. Maneno ya kujisifu yaondolewe, vyanzo viombwe kwenye ukurasa wa majadiliano, makala ipewe muda wa kurekebishwa, na sababu ya kufuta, ikibidi kufutwa, iandikwe kwa sentensi inayoeleweka na mtu asiyejua vifupisho vya wahariri.

Uzito wa maombi haya umeongezeka kwa namna ambayo mwaka 2003 haikuwapo. Maandishi ya Wikipedia sasa hayasomwi kwenye Wikipedia peke yake. Yanachukuliwa na mashine za kutafutia habari, yanatumiwa kuzifundisha programu zinazojibu maswali kwa lugha ya binadamu, yanatafsiriwa na kurudishwa yakiwa na sura ya ukweli uliokwisha kuthibitishwa. Kwa Kiingereza au Kifaransa, kosa moja hukutana na vitabu elfu vya kulisahihisha. Kwa Kiswahili, makala yenye aya mbili kuhusu mchoraji inaweza kuwa ndiyo maandishi pekee yanayofikika, na kosa lililomo humo halina wa kulipinga. Muuzaji wa michoro ya kughushi analijua hilo, na mchoro wenye saini ya uongo huuzika vizuri zaidi pale ambapo hakuna aliyeandika jinsi mkono wa kweli ulivyofanya kazi.

Kwa kuanzia, yanapendekezwa mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Makala za Tingatinga, Ntiro, Lilanga na mchoraji mwenzao Elias Jengo zihaririwe upya na watu wanne tofauti, kila mmoja akianza na sehemu ya kazi kabla ya wasifu. Makala mpya kuhusu michoro ya bayeye ifunguliwe kwa kutumia kitabu cha Cory na hati zake. Na wanafunzi wa uandishi wa habari walioko Mwanza waalikwe, chini ya mwalimu wao na mkabidhi mmoja atakayejitolea, kwenda maktaba ya mkoa na Bujora kutafuta vyanzo vya karatasi, kuvinakili kwa ukamilifu wa jina la gazeti, tarehe na ukurasa, na kuviingiza. Jibu la barua hii linaombwa liwekwe kwenye ukurasa wa jumuiya wa Wikipedia ya Kiswahili, mahali ambapo kila mhariri anaweza kulisoma na kulipinga, likitaja hoja ipi imekubaliwa, ipi imekataliwa na kwa sababu gani, na nani atakayeanza.

Wasalaam,

Mwanza, kando ya Ziwa Victoria